Tivii Yako Haikuungua

Iringo, Musoma
Jumatano, mvua imeacha sasa hivi

Dada yangu Wankyo,

Shikamoo. Naomba uiitikie sasa hivi kabla hujaenda mbele, maana ukishafika katikati ya barua hii naogopa hutataka tena kuniitikia. Umeitikia? Ahsante dada.

Mimi mwili mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikisimama sana kwenye karai la mafuta, lakini genge linakwenda. Sato wamekuwa wa shida wiki hii, ziwa limechafuka, kwa hiyo nakaanga furu, na wateja wanakula huku wanalalamikia miiba. Wanalalamika na wanamaliza. Nyie huko Butiama hamjambo? Shemeji Mniko mgongo wake unaendeleaje? Yule ndama mwenye baka usoni ameshaachishwa? Na wewe presha yako, dada? Vidonge unakunywa kweli, au unaviweka chini ya godoro kama mwaka juzi ukasema panya wamekula?

Barua hii usimpe Esther akusomee. Najua mjukuu wako anasoma kama mtangazaji, lakini hii vaa miwani usome mwenyewe, polepole. Mwandiko wangu unaujua, shule yangu iliishia darasa la nne na mistari yangu inapanda mlima. Vumilia. Na kaa chini kwanza. Hakuna aliyekufa. Nakuambia mapema, mwanao Machibya ni mzima, lakini kaa chini.

Utasema kwani simu imekufa? Simu ipo. Jumamosi nilikupigia nikaishia kukuuliza habari za mihogo. Jumapili nikapiga tena, nikauliza mihogo ile ile, mpaka ukacheka ukaniuliza kama nimefungua mashine ya unga. Jumatatu nikafunga genge nikapanda gari nije nikwambie kwa mdomo. Nikafika Makutano, nikashuka, nikasimama pale njia ya kwenu inapoanzia. Nikanunua ndizi ambazo sikuzihitaji, nikavuka barabara, nikarudi Musoma. Mtu wa miaka hamsini na nane! Ndizi nikampa jirani yangu Dorkas, akaniuliza nimetoka wapi, nikasema sokoni. Ndiyo nikaona niandike. Karatasi nikiiandikia haitacheka, wala haitanikatiza.

Naanza na tivii.

Unakumbuka ile siku ya mwezi wa pili, ulikuwa sebuleni kwako unamenya viazi, ikaonyeshwa moshi umesimama kama mnara, na chini yake limeandikwa jina la mji wa huko Uarabuni anakokamua ng'ombe Machibya wako. Jina ulilijua kwa sababu alikuandikia nyuma ya picha. Ukaanguka na sufuria. Daktari akasema mshtuko mwingine kama huo yeye haahidi kitu. Kaka yetu Alfonsi akaja mbio kutoka Bunda, kutoka kwake Nyasura, shati amelivaa ndani nje, na hakuna aliyethubutu kumwambia mpaka jioni. Wiki ile ile umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, tivii yako ikaungua. Nikajitolea kuibeba niilete kwa fundi huku mjini.

Dada, tivii yako haikuungua. Alfonsi alilegeza waya mmoja pale kwenye plagi wakati wewe umelala. Tulikubaliana mimi na yeye, wiki mbili tu, mpaka utulie. Sasa ni zaidi ya miezi miwili. Tivii aliyokununulia mwanao iko hapa kwangu, juu ya kabati la vyombo, nimeifunika na kile kitambaa chako cha kufuma. Nilikichukua nacho, nikaongeza na dhambi ndogo humo humo.

Na fundi Evance hayupo. Yule fundi anayechechemea, anayesubiri kifaa kutoka Mwanza, nilimtunga siku uliyonibana kwa simu. Ulipozidi kuuliza nikasema mkewe amejifungua, ndiyo maana anachelewa. Ukauliza amepata nini, nikasema mapacha, sijui kwa nini nilisema mapacha. Ukatuma kuku. Kuku wa mapacha tulimla mimi na mwanangu Benson, na Benson akasema mama mkubwa anajua kufuga. Nilimeza nyama ile kama kokoto.

Wewe ulijua naangalia habari kwa Dorkas. Kumbe Dorkas ndiye anayekuja kwangu, king'amuzi chake kimekatika tangu Krismasi. Anakuja kwa ajili ya tamthilia ya Waturuki, akikuta nimeweka vita anasonya. Anasema watu hawa na makombora yao wamemkatishia harusi aliyoisubiri wiki tatu. Juzi akaniambia, Mama Benson, unaitazama hii vita kama wewe ndiye refa, hebu toka nje kidogo uone kama hawataendelea bila wewe.

Na kweli nimekuwa hivyo. Mwanzoni niliiwasha ili nione mimi usione wewe. Baadaye nikawa siwezi kuizima. Asubuhi kabla sijawasha mkaa, naangalia. Mchana nafunika samaki, naangalia. Kuna mchambuzi mmoja wa tai nyekundu ana kijiti, akigusa ramani mishale inatokea, ya bluu huku, nyekundu kule. Anasema upande huu umejibu, upande ule nao utajibu. Kujibu! Kama wasichana wanaotukanana kisimani. Hajawahi hata siku moja kusema chini ya mshale wamekaa akina nani. Mimi ramani ile naijua sasa kuliko ninavyoijua Tarime. Naweka kidole juu ya kioo pale alipo Machibya, mshale ukipita karibu natoa kidole haraka kama nimegusa karai.

Halafu wanakuja wakubwa wa dunia, wanashikana mikono, wanacheka mbele ya kamera, siku mbili baadaye moshi. Na hiyo vita wala haikai huko kwao. Petroli imepanda, bodaboda wa hapa Iringo ukimuuliza mbona nauli imebadilika anakuambia kawaulize wenye makombora. Mafuta ya kukaangia nayo yamepanda. Mtu anarusha kombora huko, mteja wangu ananinunia mimi hapa kwa sababu furu amekuwa ghali.

Na wewe kila jioni baada ya taarifa ya habari ulikuwa unanipigia. Neno lako lilikuwa moja tu. Umeona? Kumetulia? Na mimi la kwangu likawa moja. Kumetulia, dada. Siku nyingine niliongeza chumvi, nikasema leo wameonyesha watu wako sokoni wananunua tende. Siku ile ya tende, dada, walionyesha shule.

Ujanja huu niliupata kwa baba. Unakumbuka vita ya Amin, baba mdogo alipokwenda na mgambo? Bibi alikuwa anashinda na redio mapajani, hali, haogi. Baba akatoa betri akamwambia zimeisha na dukani hakuna. Akawa anakwenda kusikiliza kwa majirani, akirudi anamwambia bibi kumetulia, vijana wetu wanakula nyama tu huko. Baba mdogo akarudi mzima. Siku ya kumpokea, baba akachomoa zile betri kwenye kihenge cha mtama mbele ya watu wote, bibi akamfukuza na mwiko kuzunguka nyumba, tukacheka wiki nzima. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nikadhani uongo wa namna ile unaishaga hivyo, kwa mwiko na kicheko.

Lakini baba hakuwa na kitu cha kupata baba mdogo akibaki vitani. Hapo ndipo mimi na baba tunapoachana njia. Subiri, nitafika.

Kwanza niseme hili la ng'ombe. Mwezi uliopita ulinisimulia kwamba Machibya anasema maziwa yamepungua. Ng'ombe wote wale, maelfu, wamefungiwa kwenye mabanda yenye feni, wanakula majani ya kuletewa, na ghafla wanatoa nusu. Wasimamizi wakasema ni kwa sababu majani yamebadilishwa. Ulinisimulia kama habari ya kawaida tu. Mimi nilikaa chini. Sisi tumekulia zizini, Wankyo. Ng'ombe akibana maziwa siku moja ni majani. Akibana wiki nzima kuna kitu kinapita karibu na zizi. Tulikuwaga tunajua fisi amepita kwa kuangalia kibuyu, kabla hata ya kuona nyayo. Na anayejua zaidi yetu sote ni Machibya, aliyelala na ng'ombe tangu ana miaka sita. Nadhani na wewe ulijua. Nadhani ulinisimulia ili nikwambie hapana. Na mimi nikakwambia hapana, ni majani.

Sasa Benson.

Ulipoulizaga yuko wapi nilisema yuko Kiriba kwa baba yake mkubwa, upande wa marehemu mume wangu, anaanika dagaa. Kiriba alikuwepo kweli. Dagaa hakuwa anaanika.

Kazi yake unaijua, kufunga madishi. Siku ya uchaguzi mwaka jana alikuwa juu ya paa la duka moja hapa mjini, anaelekeza dishi. Mwenye duka yuko ndani anapiga kelele, sogeza kushoto, rudi kidogo, hapo hapo, picha imekuja. Picha yenyewe alikuwa mama mmoja anafundisha kupamba keki. Na nyuma ya mgongo wa Benson moshi umeanza na vijana wanakimbia. Akatoa simu akachukua video. Hakuwa na bango, dada. Hakurusha jiwe. Alikuwa amekaa juu ya bati na spana mkononi. Kwenye ile video kuna kijana amelala barabarani, ndala moja iko mguuni, nyingine iko mbali naye. Sijui ni mtoto wa nani. Sijui kama aliamka.

Jioni ile nilikwenda kwa Dorkas kuangalia wanasema nini. Siku zile mtandao umezimwa, simu zetu zimekuwa kama vipande vya sabuni. Keki. Kwaya. Mpira wa zamani ambao hata matokeo yake watu wanayajua. Nikasema labda kesho. Kesho yake kwaya. Mimi nikafikiri, enzi za baba redio zilikuwa za kuhesabu kijiji kizima, tukasikia vita ya kwetu mpaka mito iliyovukwa tukaitaja kwa majina. Leo mimi mkaanga samaki naweza kukuambia kombora lilipiga ghorofa ya ngapi kwenye mji nisioweza kuutamka, lakini ile ndala sijaiona kwenye tivii yoyote. Nimeiona kwenye simu ya mwanangu tu, mara moja, nikamwambia izime.

Mtandao uliporudi akawatumia wenzake. Baada ya wiki moja wakaja watu wawili kwa pikipiki hapa gengeni. Hawakusema wanatoka wapi. Wakaagiza sato, wakala vizuri, wakasifu pilipili, wakanawa. Halafu mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, mama, yule kijana wa madishi analala wapi siku hizi? Nikasema amesafiri. Akasema haya mama, samaki mtamu, tutarudi. Hawajarudi mpaka leo. Lakini pikipiki ikipunguza tu mwendo hapa nje mimi nasahau kugeuza samaki. Dorkas anasema nimeanza kuuza mkaa.

Hilo sikukwambia kwa sababu ya presha yako. Hiyo moja ni kweli.

Mwezi wa kumi na mbili Machibya akaniambia kwamba bosi wao anamruhusu mfanyakazi anayeongeza mkataba kumleta ndugu yake mmoja. Yeye akisaini miaka miwili mingine, Benson anapata nafasi. Asiposaini, nafasi hakuna. Nilipiga magoti jikoni nikashukuru. Mwezi wa kwanza pasipoti ya Benson ikatoka. Mwezi wa pili vita ikaanza.

Mtu mwenye akili timamu angesema basi, Machibya arudi, Benson akae, tutaona. Mimi nikaanza kupima. Nikasema kule hatari inaonekana. Ina mishale, ina ving'ora, watu wanaambiwa kimbieni na wanaonyeshwa pa kukimbilia. Ya huku inakuja imetulia, inaagiza sato na inasifu pilipili. Nikaona afadhali ile inayopiga king'ora kwanza. Ndivyo nilivyopima, dada, na kwenye mizani yangu nilimweka mtoto wako ili wangu apande.

Kwa hiyo wewe ulipoanza kuniuliza kila jioni, wiki mbili za kwanza nilikudanganya kwa ajili ya moyo wako. Baada ya hapo, Alfonsi aliponiambia sasa inatosha, mrudishie tivii yake, nikasema bado. Kuanzia siku ile nilikuwa nadanganya kwa ajili ya Benson. Nilitaka uendelee kumwambia Machibya kumetulia ili asaini. Na ulimwambia.

Sasa nakuambia lile lililonishusha Makutano.

Ijumaa iliyopita, siku yao ya mapumziko, Machibya alipomaliza kuongea na wewe alinipigia mimi. Ilikuwa mchana. Benson alikuwa amekuja kwa kujificha kuchukua nguo, amekaa mezani anakula, na pasipoti iko pembeni ya sahani maana haiachi siku hizi. Machibya akanisalimia vizuri, akaniulizia goti. Halafu akasema, mama mdogo, mama ananiambia unaangalia habari kila siku na kumetulia, ni kweli?

Nilishangaa. Nikamwambia mwanangu, si wewe ndiye uko huko? Mimi niko Iringo nakaanga furu, wewe ndiye uko huko!

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Akasema tivii bwenini kwao ipo, kubwa kama mlango, inaonyesha mbio za ngamia asubuhi mpaka jioni. Wakisikia mshindo wanaambiwa ni mazoezi. Usiku mmoja bati zilitetemeka mpaka vumbi likawaangukia kwenye mablanketi, wakaambiwa mazoezi. Ukiuliza zaidi unaambiwa rudi kwa ng'ombe, ukichukua video unapotea. Kwa hiyo wao wanaokaa chini yake hawajui. Yeye anasikia kwako, na wewe unasikia kwangu. Akaniambia hata wenzake kule, kuna Mkenya mmoja wa Migori na wengine wa nchi za mbali, kila Ijumaa wanamzunguka wanamuuliza mama yako mdogo amesema nini. Wananiitaga Mama Habari. Wawili wameshasaini kwa maneno yangu, dada. Watu nisiowajua hata sura. Wana mama zao.

Halafu akasema mkataba wake ni Jumamosi hii. Akaniuliza, mama mdogo, wewe unayeona, nisaini au nirudi nyumbani?

Tivii ilikuwa inawaka mbele yangu, sauti nimeiondoa. Kulikuwa na moshi. Chini ya moshi limeandikwa jina la ule mji. Benson akaacha kutafuna, akainua macho akanitazama.

Nikasema kumetulia, mwanangu. Saini.

Machibya akasema ahsante mama mdogo, leo nitalala.

Ndiyo hivyo. Nimeandika. Tangu siku ile nampigia hapatikani, maana siku za kazi simu wanaziacha getini. Kalamu hii nimeishika tangu saa tatu asubuhi na samaki wa leo sijakaanga hata mmoja.

Atapiga kesho kutwa Ijumaa, ataanza na wewe kama kawaida yake. Naomba usimwambie mama mdogo amesema, hilo neno limeshaoza. Na mimi siwezi kumwita. Kwetu aliye safarini haitwi na mama mdogo, anaitwa na aliyemzaa. Wewe mwite kwa lile jina la ndani, alilopewa na bibi siku ya kutolewa nje akiwa mchanga, lile ambalo hatulitaji mbele ya wageni. Usimweleze mengi. Mtajie jina lile, mwambie zizi la baba yake lina ng'ombe wa kukamua, aje. Atajua kwamba si maneno ya simu. Na umwambie awaambie wale wawili, na yule wa Migori, kwamba Mama Habari alikuwa haoni kumetulia. Alikuwa anasema tu.

Yule beberu mliyesema mtamchinja Jumapili kushukuru mkataba wa Machibya, mfungueni kamba kwanza. Asubiri mpaka mwenyewe ashuke kwenye gari.

Aliyekuletea barua hii ni Benson, na tivii ameibeba yeye mgongoni. Hajui nilichoandika. Nimemwambia Uarabuni haendi. Hakuniuliza kwa nini, aliichukua ile pasipoti mezani akaiweka kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani, akafunga. Naona aliijua siku ile ile, aliponitazama. Kiriba sasa watoto wote wanamjua, na mimi sina pengine pa kumpeleka ila kwako. Najua ninachokuomba. Nilimwacha wako chini ya makombora ili wangu apate njia, na sasa nakuletea wangu mlangoni. Ukimrudisha, una haki, na sitasema neno, wala kwa Alfonsi. Ila kabla hujaamua usimwache amesimama nje. Mpe chakula kwanza. Anatoka hapa hajala. Na kama utamwambia yaliyomo humu, mwambie wewe, mimi mdomo wangu hauaminiki tena hata nyumbani kwangu.

Ule waya alioulegeza Alfonsi nimeukaza mwenyewe kwa kisu. Kitambaa nimekifua. Benson atakuelekezea dishi, bila wewe kupiga kelele sana huko ndani. Kabla hujaiwasha kunywa kidonge, umkalishe Shemeji karibu nawe, umshike mkono, halafu uangalie mwenyewe. Daktari aliogopa mshtuko, na mimi bado naogopa, nisamehe nikikosea tena. Lakini naona ulipigwa na moshi ule mara moja, na mimi nimekupiga kila jioni kwa miezi miwili na hukujua mkono unatoka wapi.

Msalimie sana Shemeji Mniko. Msalimie Esther, mwambie akazane na shule asije akaandika kama bibi yake mdogo. Dorkas naye anawasalimu, amelia leo kuona tivii inaondoka, nimemwambia harusi ile atahadithiwa na wengine. Hapa juu ya kabati imebaki alama ya mraba isiyo na vumbi. Nimekaa naiangalia kama vile bado itasema kitu.

Ijumaa simu itakuwa kwenye mfuko wa aproni, nitasimama nayo kwenye karai kutwa nzima. Usipopiga nitaelewa, dada, sitakusumbua. Ukipiga, anza na matusi, yote, hata yale ya kizizini ambayo mama alikuwa anatukataza. Nitayasikiliza mpaka mwisho. Ila nakuomba usianze kwa kuniuliza mihogo.

Ni mimi mdogo wako uliyembeba mgongoni,

Anastazia